Mfupa, au Jiwe Tu?

Sehemu kubwa ya ardhi ya Ruangwa na Nachingwea ni miamba geugeu, iliyopikwa na joto na kukandamizwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Humo mna madini ya kinywe, si mifupa. Visukuku maarufu vya Mkoa wa Lindi viko kaskazini mashariki mwa wilaya hizo, Tendaguru, kwenye miamba tabaka ya miaka milioni 150 hivi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, walifukua huko mifupa ya dinosaria. Dinosaria mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin hadi leo.

Umbo peke yake hudanganya. Mvua na jua huchonga mawe yakafanana na yai au paja, na “majani” meusi ndani ya ufa mara nyingi ni madini ya manganizi. Tazama palipovunjika: mfupa una ganda gumu nje na vitundu vidogo vidogo ndani.

Ukiona vitundu hivyo, usichimbue. Weka sarafu kando ili kuonyesha ukubwa, piga picha, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji.