Kauri: Konokono wa Mwambao Aliyekuwa Fedha Lagos

Mlango wa bahari unaopita mbele ya Mji wa Kale, Mombasa, ndio unaoendelea hadi hori ya Tudor. Historia ya bandari hiyo na nyingine za mwambao huu hutaja sana pembe za ndovu. Lakini katika karne ya 19 pwani yetu iliuza pia kitu kidogo kuliko kidole gumba: kauri.

Kauri huyu alipewa jina la kisayansi na mtaalamu Linnaeus mwaka 1758, na leo wataalamu humwita Monetaria annulus. Gamba lake lina urefu wa sentimita 2 hivi. Mgongo ni mweupe wa kijivu, umezungukwa na pete ya rangi ya dhahabu. Chini kuna ufa wenye meno pande zote mbili. Akiwa hai hulifunika gamba kwa ngozi yake laini, ndiyo maana linang'aa.

Matope ya mikoko ndani ya hori ya Tudor si kwao kauri. Huko hukaa konokono wengine, warefu na weusi, wanaokula majani ya mikoko yaliyoanguka. Kauri hukaa nje, kwenye mwamba wa upande wa Nyali na kuendelea, penye mawe na nyasi za bahari. Mchana hujificha chini ya mawe, usiku hutoka kula mwani. Bahari ikipwa, huokotwa kwa mkono.

Urahisi huo uliwavuta wafanyabiashara wa Hamburg. Kabla yao, kwa karne nyingi Afrika Magharibi ilitumia kauri za Maldivi. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, alizikuta Maldivi, na baadaye akaziona zikitumika kama fedha katika milki ya Mali. Wazungu walizisafirisha kwa meli, na nyingi zilitumiwa kununua watu waliotiwa utumwani. Miaka ya 1840 kampuni za Hamburg, kwanza Hertz, kisha O'Swald, zikaanza kununua kauri za mwambao wetu kupitia Unguja na kuzipeleka Lagos na kwingineko Afrika Magharibi, zikalipia mafuta ya mawese. Zilikuwa kubwa kuliko za Maldivi, na bei yake ilikuwa ndogo. Shehena zikafuatana hadi thamani ikaporomoka, na aliyejiwekea akiba ya kauri akaona mali yake ikiyeyuka. Kwa upande wa bara, misafara ilizifikisha Buganda, ambako zilitobolewa na kutungwa kwenye uzi kwa mamia, mpaka serikali ya kikoloni ilipokataa kupokea kodi kwa kauri mwanzoni mwa karne ya 20.

Historia ya fedha barani Afrika haikamiliki bila mwambao huu, na watoto wa Mombasa wanastahili kufundishwa hivyo. Tangu 1986 sehemu ya mwamba wa Nyali wanakokaa kauri imo katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, lakini maji taka yanayomwagwa Tudor hutoka na maji ya kupwa kuelekea baharini. Tuyazuie. Na wewe unayetembea mwambani, ukiinua jiwe lirudishe, na kauri aliye hai mwache alipo.