Nagapattinam: wilaya ya India yenye mahekalu, kaburi la walii na kanisa la mabaharia

Wilaya ya Nagapattinam ipo kwenye pwani ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako matawi ya mto Kaveri humwaga maji yake katika Ghuba ya Bengal. Wakazi wake huishi kwa mpunga, chumvi na uvuvi. Ilitengwa na wilaya ya Thanjavur mwaka 1991, na mwaka 2020 ikamegwa tena ilipoundwa wilaya ya Mayiladuthurai. Mipaka hiyo ni ya juzi tu, kwani bandari yenyewe ilivuma miaka elfu moja iliyopita, enzi ya wafalme wa Chola.

Mwanzoni mwa karne ya 11, mfalme Rajaraja wa Kwanza, aliyekuwa mfuasi wa Shiva, alikubali mtawala wa dola ya Srivijaya, iliyokuwa na makao yake Sumatra, ajenge hapo nyumba ya watawa wa Kibuddha. Mapato ya kijiji cha Anaimangalam yaliwekwa wakfu kwa ajili yake, na hati ya wakfu huo ikachorwa kwenye mabamba ya shaba ambayo baadaye yalipelekwa Leiden, Uholanzi. Mnara wa matofali uliosalia, ambao mabaharia waliutumia kuitambua pwani, ulibomolewa na wamisionari Wajesuiti mwaka 1867 kwa kibali cha serikali ya kikoloni. Hasara hiyo haikuweza kufidiwa. Kuanzia mwaka 1856 hadi miaka ya 1930 zilifukuliwa sanamu za Kibuddha zipatazo 350, na nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Chennai.

Maeneo mengine matakatifu yangali hai. Huko Sikkal, kilomita chache magharibi ya mji, Wahindu humwabudu Murugan katika hekalu moja na baba yake, Shiva. Waumini husimulia kwamba katika sikukuu ya kukumbuka ushindi wake, sanamu ya Murugan hutoka jasho baada ya kupokea mkuki kutoka kwa mama yake.

Kaskazini ya mji, huko Nagore, yumo walii Shahul Hamid wa karne ya 16. Inasimuliwa kwamba alimponya mtawala wa Thanjavur maradhi yaliyowashinda waganga. Mnara mrefu kuliko yote mitano ya hapo, wenye urefu wa mita 40 hivi, ulijengwa katika karne ya 18 na Pratap Singh, mfalme Mhindu. Hauli yake huadhimishwa kwa siku 14 katika mwezi wa Jamadi al-Akhir, yaani Mfungo Tisa, na kaburi hupakwa liwa ya msandali. Wahindu ni wengi miongoni mwa wazuru, na wafanyabiashara wa Kitamil waliohamia ng'ambo walijenga mfano wa ziara hiyo Singapore na Penang.

Kusini kuna kanisa la Velankanni, lililopewa hadhi ya basilika mwaka 1962. Masimulizi ya asili yake humtaja mchungaji mdogo aliyeombwa maziwa na Bikira Maria, mtoto kiwete muuza mtindi aliyepata kutembea, na mabaharia Wareno waliookoka dhoruba. Mahujaji wa dini zote hufurika huko kuanzia Agosti 29 hadi Septemba 8.

Mnamo Desemba 26, 2004, siku moja baada ya Krismasi, tsunami iliipiga pwani hii. Zaidi ya watu 6,000 walikufa katika wilaya hii peke yake, wengi wao wavuvi na jamaa zao, wakiwemo pia mahujaji waliokuwa ufukweni Velankanni. Mawimbi hayo hayo yalivuka bahari na kuua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Kila mwaka tarehe hiyo inapowadia, wafiwa huteremka ufukweni, wakamwaga maziwa na maua baharini, na viongozi wa dini mbalimbali huwaombea marehemu kwa pamoja.