Wanawake waliokataa kuamuliwa dawa

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, kliniki za ARV za Nyanza, magharibi mwa Kenya, zimekuwa na ubishi wa foleni. Vituo maalumu vya huduma, vile ambavyo kila mtu huviita CCC, vinaunganishwa na idara ya wagonjwa wa nje. Mwenye malaria, mwenye presha na mwenye virusi vya UKIMWI wapange mstari mmoja, waonwe na daktari mmoja. Wanaotetea mpango huu wanasema utaokoa fedha na kupunguza unyanyapaa. Huenda ni kweli. Lakini wanaomeza dawa wanauliza jambo jingine: wale akina mama washauri waliokuwa wakilipwa na wafadhili, na vile vikundi vilivyokuwa vikikutana siku ya kliniki, vitakwenda wapi?

Ukanda huu wa Ziwa Victoria, kuanzia Karungu na Sori hadi Homa Bay mjini, una haki ya kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wana virusi, na Migori asilimia 13, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Karungu kuna hospitali ya misheni ya St. Camillus, na kando yake Dala Kiye, makao ya watoto walioachwa na wazazi waliokufa kwa ayaki, yaani UKIMWI. Makao hayo hayakujengwa kwa sababu wazazi walikuwa wazembe. Yalijengwa kwa sababu dawa hazikuwapo, na waliokuwa na sauti walikuwa wakitangaza dawa zisizotibu.

Mwaka 1990 Rais Moi mwenyewe aliisifia dawa ya Kemron, iliyotoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, chini ya Dkt. Davy Koech. Majaribio yaliyofuata nje ya nchi hayakuona faida yake. Mwaka 1996 akaja Profesa Arthur Obel, mwanasayansi mkuu katika ofisi ya rais, na dawa yake ya Pearl Omega, na wagonjwa wakalipa maelfu ya shilingi. Vijijini nako wapo waliosema ni chira, mtu kavunja mwiko. Kati ya profesa na mwiko, mgonjwa hakuwa na wa kumuuliza ila mgonjwa mwenzake. Joe Muriuki alijitokeza hadharani kuwa ana virusi mwishoni mwa miaka ya 1980. Asunta Wagura, aliyepewa majibu yake akiwa mwanafunzi wa uuguzi, alishiriki kuanzisha KENWA, mtandao wa wanawake wanaoishi na virusi, mwaka 1993, kisha kwa miaka mingi akawa anaandika gazetini maisha yake na virusi, wiki baada ya wiki.

Dawa zenyewe ziliingia mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kuzitoa katika hospitali ya Homa Bay. Mwaka huohuo kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kuwauzia mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati kampuni zenye hataza zilikuwa zikidai zaidi ya dola 10,000.

Vikundi vya wagonjwa vikageuka shule. Humo ndimo mtu alijifunza kumwaga vidonge kwenye mfuko wa karatasi na kuliacha kopo hospitalini, maana kopo likiwa kwenye mkoba hulia kama njuga na matatu nzima husikia. Humo pia ndimo nyayo kuwaka moto na mashavu kubonyea kulipata maelezo: ni stavudini, iliyokuwa ndani ya kidonge cha Triomune, si laana wala uchawi. Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe polepole mwaka 2009. Waliokuwa wakiimeza walikuwa wamekwisha kuijua tabia yake.

Ushindi unaosimuliwa zaidi ni wa mahakamani. Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008, na tafsiri yake ya bidhaa bandia ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikamata hata dawa halali zisizo na jina la kampuni kubwa, ambazo ndizo karibu ARV zote zilizokuwa zikitumika Kenya. Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2009. Serikali ikajitetea kwamba haikukusudia hivyo. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya uhai, utu na afya, na kwamba hakimiliki za kampuni haziwezi kutangulizwa mbele ya uhai wa walalamikaji. Hukumu hiyo inafaa kusomwa shuleni. Sijasikia shule inayoisoma.

Ila kwangu mimi, kisa kikubwa zaidi ni cha mwaka 2018, na hakina jaji.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kupokea dolutegravir ya bei nafuu, mwaka 2017. Waliohamia dawa hiyo waliifurahia. Efavirenz, iliyotangulia, ilikuwa ikiwapa wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha hadi mtu anaogopa kulala. Kisha Mei 2018 zikaja habari kutoka Botswana. Utafiti wa Tsepamo ulikuwa umehesabu wanawake 426 waliopata mimba wakiwa tayari wanaitumia dolutegravir. Wanne kati yao walijifungua watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Hiyo ni karibu asilimia 0.9, dhidi ya 0.1 kwa dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Kenya ikaenda mbali zaidi: wanawake wa umri wa kuzaa, miaka 15 hadi 49, wabaki na dawa za zamani.

Hebu fikiria maana yake. Mwanamke wa miaka 45 ambaye watoto wake wameoa. Mwanamke mwenye sindano ya uzazi wa mpango mkononi. Mtawa. Wote wakawekwa kapu moja na kuambiwa dawa bora ni ya wanaume. Tena efavirenz waliyorudishiwa iliwahi kuzuiwa kwa wajawazito kwa hofu ileile, mpaka hofu hiyo ilipofutwa miaka michache kabla.

Tarehe 13 na 14 Julai 2018, wanawake 39 wanaoishi na virusi kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali, wakiitwa na AfroCAB, mtandao wa wagonjwa wa bara hili. Hawakukutana kulia. Waliletewa takwimu za Botswana wakazichambua: wanne kati ya 426 ni namba ndogo, inaweza kupanda au kushuka, upande wa pili wa mizani kuna dawa inayoshusha virusi haraka na isiyochokesha mtu akaiacha. Tamko lao lilikubali kwamba hatari ipo. Walichokataa ni mtu mwingine kuwapimia. Walitaka waelezwe faida na hasara, wapewe uzazi wa mpango kwa wanaoutaka, halafu wachague wenyewe. Siku chache baadaye sauti hiyo ilifika mkutano wa UKIMWI wa Amsterdam, mbele ya walioandika miongozo.

Madaktari nao hawakuwa wabaya. Aliyeonywa kuhusu dawa na mimba huogopa, na ana sababu. Wala elimu ya mgonjwa si salama kila mara: mwaka 2011 habari za kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wa Loliondo, Tanzania, zilivuka mpaka kwa simu na kwa midomo, na wapo walioacha ARV kwa ajili yake. Siku hizi WhatsApp hupeleka mambo hayo haraka zaidi. Tofauti ni kwamba wanawake waliokutana Kigali waliisoma namba iliyowatisha wakubwa, wakauliza inatoka wapi.

Tsepamo iliendelea kuhesabu. Kufikia Julai 2019 walikuwa watoto watano kati ya 1,683, yaani asilimia 0.3, na mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegravir kwa wote, wanawake wakiwemo. Baadaye tofauti ikatoweka kabisa.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 2021 dawa zilizotolewa msaada zilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa ushuru, na wagonjwa wakaandamana Kisumu na Nairobi. Kisha 2025, na foleni hii mpya. La kuchekesha ni kwamba kuunganisha huduma si wazo geni kwa wanawake hawa: Kigali walitaka uzazi wa mpango na ARV vipatikane kwa urahisi bila kuzungushwa. Sasa paa moja wanaelekea kulipata, ila mama mshauri aliyekuwa akikaa benchi la mlangoni na kumweleza mgeni maana ya kiwango cha virusi hayumo tena kwenye bajeti.