Majina ya Zamani ya Kanda za Saa na Ratiba za Sala

Alhamdulillah, wassalatu wassalamu ala Rasulillah.

Ndugu zetu walioko ughaibuni hutuuliza: mbona kwenye simu, pale palipoandikwa "Saa za eneo", programu nyingine za nyakati za sala bado zina Asia/Calcutta na US/Eastern, majina yaliyokwisha badilishwa? Je, ratiba yake ni sahihi?

Simu na kompyuta nyingi huchukua kanda za saa katika hazina moja ya kumbukumbu, iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980 na ambayo tangu 2011 imewekwa chini ya IANA. Humo kanda huitwa kwa bara na mji. Jina la mji likibadilika, jipya huongezwa na la zamani halifutwi, bali huelekeza kwenye jipya. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, Europe/Kiev ilipokuwa Europe/Kyiv. Sababu ni kwamba programu zilizoandikwa miaka mingi nyuma bado zinaita jina lile lile. Likikosekana, baadhi ya mifumo hurudi kwenye saa ya Greenwich kimyakimya, wala mtumiaji haambiwi. (Zanzibar yetu haimo kabisa orodhani, twatumia Africa/Dar_es_Salaam, nalo huelekeza Africa/Nairobi, na saa ni moja.)

Basi US/Eastern haina neno: ni America/New_York ile ile. La kuchunga ni EST. Hilo si mji, ni saa tano nyuma ya Greenwich mwaka mzima, wala halifuati saa zinaposogezwa. Marekani walisogeza saa mbele tarehe 9 Machi 2025, ndani ya Ramadhani. Jioni ile jua la New York lilizama karibu na saa moja. Ratiba iliyopangwa kwa EST ingesema karibu na saa kumi na mbili. Aliyefuturu kwa ratiba hiyo amekula jua lingalipo.

Hukumu yake kwa jamhuri ya wanavyuoni ni kuilipa siku hiyo, ingawa hana dhambi kwa kuwa hakukusudia. Wapo waliosema halipi, miongoni mwao Ibn Taymiyya. Sisi twaona kulipa ndiyo salama zaidi.

Chagueni jina la mji, jipya au la zamani, na mwenye shaka alinganishe Magharibi ya simu yake na ya msikiti ulio karibu naye.

Wallahu aalam.