Madoa na Kibaba

Mwalimu akikutilia tiki daftarini, umepata. Ndivyo tulivyolelewa darasani. Sasa mchukue mtoto aliyelelewa hivyo, umfungulie kanuni za zamani za mashindano ya ngoma na matarumbeta ya vijana wa Marekani, haya yanayoendeshwa na Drum Corps International tangu 1972, umwambie kwamba tiki nyingi ziliangusha kikosi. Atadhani umeteleza ulimi. Kule tiki ilikuwa kosa moja, na kila kosa lilikatwa sehemu moja ya kumi ya alama. Tukilikopa neno hilo tutakuwa tumelipindua, kichwa chini miguu juu.

Badala yake mimi naleta doa. Mtazame mwamuzi wa enzi hizo: anatembea uwanjani katikati ya wapigaji, ubao wa karatasi mkononi, ameinamisha sikio karibu na fimbo. Wapigaji wote wanapaswa kutoa pigo moja. Fimbo moja inachelewa kidogo, pigo linatoka na mkia, penseli inashuka: mstari mmoja. Kikosi kiliingia uwanjani na alama zake kamili, kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi, na kazi ya mwamuzi ilikuwa kuhesabu madoa. Dosari ingefaa, ila dosari aghlabu huwa ya kitu chenyewe, kama ufa wa chungu. Kosa ni pana mno. Doa linakumbusha kwamba nguo ilikuwa safi kabla.

Msimu wa 1984 madoa yaliachwa. Waamuzi wakaanza kupima kutoka chini kwenda juu, wakitoa alama kwa kadiri ya ufanisi walioushuhudia. Hapo kitenzi kizima kinabadilika: zamani walikata, sasa wanajaza. Na Kiswahili kinachojaza kina chombo chake tayari, kibaba, kile kinachojazwa haba na haba. Napendekeza basi tuseme hesabu ya madoa kwa miaka ya hadi 1983, na hesabu ya kibaba kwa iliyofuata. Atakayeandika leo kwamba kikosi "kimekatwa alama" kwa upigaji dhaifu amewarudisha waamuzi zama za penseli. Kibaba chenyewe ni cha alama 100 na hakijawahi kujaa. Blue Devils walikifikisha 99.65 mwaka 2014.

Mwamuzi mwenyewe namwacha na jina lake. Kuamua ni kukata shauri, na pia ni kuwatenganisha wanaogombana, na vikosi vinapokaribiana kwa alama kazi zote mbili zinahitajika.

Buruji ndilo neno linaloniumiza zaidi, kwa kuwa tunalo na tunalipoteza. Ni tarumbeta la kambini, lile linaloamsha askari alfajiri, lisilo na kitu cha kubonyeza: sauti hubadilishwa na midomo na pumzi tu. Hawa vijana walilirithi kwa vyama vya askari wastaafu vilivyosimamia mashindano kabla yao, na likaitwa hivyo hata lilipoanza kuongezwa vyuma vya kubonyeza, yaani vali. Mwaka 1977 kanuni ziliruhusu vali mbili, mwaka 1990 tatu. Je, buruji yenye vali tatu ni buruji? Wao waliendelea na jina la zamani. Sisi tusilazimike. Hadi 1976 nitaandika buruji kwa moyo mweupe. Baada ya 1990 nitaandika tarumbeta. Katikati hapo kila mhariri na dhamiri yake. Siwa tuiache Lamu, kwani hupulizwa ubavuni na ni ya enzi.

Ama vali, fundi wa magari husema valvu na anaeleweka. Hata hivyo nalipenda kilango, kwa kuwa ndicho kinachotokea: mlango mdogo unafunguka, pumzi inapita njia nyingine. Linapendeza zaidi likikaa na ufunguo, neno letu la muziki kwa mpangilio wa sauti. Matarumbeta hayo yote yalifungwa katika ufunguo wa G hadi mwaka 2000, kanuni zilipokubali ufunguo wowote. Vilango kwanza, funguo baadaye.

Na kanuni? Wapenzi wa taarabu wameshatabasamu. Kwetu neno hilo ni utaratibu wa kufuatwa, na pia ni ala ya nyuzi inayolazwa mapajani. Sijui lugha nitakayoihusudu kwa jambo hili, maana katika Kiswahili mtu anaweza kubadilisha kanuni au kukaza nyuzi za kanuni, na sentensi zikakaribia kufanana. Tusikimbilie sheria kila mara. Sheria ina harufu ya mahakama.

Kuna ala zisizotembea. Zamani hata ngoma kubwa za chungu cha shaba zilibebwa kifuani huku mchezaji akipiga hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliruhusiwa kutua mbele ya uwanja. Wenyewe waliliita eneo hilo kwa jina la shimo la wanamuziki kwenye jumba la maigizo, na nimeona likitafsiriwa "shimo". Shimo gani juu ya nyasi? Watu waliokaa mbele ya nyumba, wakiutazama mtaa ukipita, kwetu wako barazani. Ziitwe ngoma za barazani. Humo utakuta marimba, neno la Kibantu lililovuka bahari likawa la dunia nzima, nasi hatuna haja ya kuliongezea hata herufi.

Zinazotembea zina majina pia, tukiyachukua rafuni. Chapuo kwa ngoma ndogo ya ngozi mbili, vumi kwa ile inayounguruma. "Ngoma kubwa" na "ngoma ndogo" ni uvivu.

Walinzi wa bendera wanisamehe. Bendera ni ya Wareno, imeshakuwa yetu. Ulinzi ndio umekwisha. Zamani kikosi kilidaiwa kuionyesha bendera ya taifa kwa heshima za kijeshi. Leo wanarusha vitambaa vya hariri na kucheza dansi. Hao ni wapeperushaji.

Umeme ulikuja kwa hatua mbili: kukuza sauti mwaka 2004, vinanda vya umeme 2009. Hapa pana mkanganyiko wetu wenyewe, kwani kipaza sauti tunakiita kile cha mdomoni na pia lile sanduku linalonguruma. Chombo kinachopaza kweli, kinachoifanya sauti ipae, ni sanduku. Cha mdomoni kibaki maikrofoni.

Kipengele cha alama kinachopima namna onyesho linavyomgusa mtazamaji hutafsiriwa "athari". Magazeti yamelichosha neno hilo kwa ukame na mafuriko, na sasa linanuka hasara. Mguso unatosha.

Mwaka 2014 trombone nayo iliruhusiwa. Tromboni halijanikaa mdomoni. Kwa sasa naandika tarumbeta la kuvuta, maneno matatu kwa ala moja. Mwenye neno fupi zaidi alilete.