Mfungamano: Istilahi ya Panga za Kichawi

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974, kila mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, na pigo la upanga huamuliwa kwa dadu yenye pande 20. Istilahi tunayoichambua hapa, attunement, imo katika kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014. Ni uhusiano maalumu baina ya mhusika na kifaa cha kichawi. Pasipo uhusiano huo, uchawi wa kifaa haumtumikii.

Si kila upanga wa kichawi unaudai. Upanga wa daraja la chini, ule unaoongeza 1 kwenye dadu ya kushambulia na 1 kwenye madhara, humtumikia yeyote aushikaye. Upanga wa Ulimi wa Moto ni habari nyingine. Tuseme shujaa ana nyongeza ya 3 kutokana na nguvu zake. Kwa upanga mrefu wa kawaida, hurusha dadu ya pande 8 na kujumlisha 3. Wastani wa madhara ni 7.5. Ulimi wa Moto ukiwashwa kwa neno la amri, huongezeka dadu mbili za pande 6, na wastani hupanda hadi 14.5. Lakini adui akiupokonya katikati ya pambano, kilichomo mkononi mwake ni chuma tu.

Uhusiano huo haupatikani kwa papo. Mhusika hutenga mapumziko mafupi, yasiyopungua saa moja, akiwa ameugusa upanga na kuuzingatia huo peke yake. Kifaa kimoja hukubali mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kupita vifaa vitatu kwa wakati mmoja. Uhusiano huvunjika mhusika akifa, mwingine akijenga uhusiano na kifaa hicho, au kifaa kikikaa umbali unaozidi futi 100, yaani mita 30 hivi, kwa saa 24. Kile kikomo cha vitatu ndicho kiini cha kanuni: shujaa aliyejaza hazina begani analazimika kuchagua.

Upande wa pili wa kanuni hii unaonekana kwenye Upanga wa Kisasi. Nao unaongeza 1, ila umelaaniwa. Aliyekwisha kuingia katika uhusiano nao hataki kuachana nao, na akitumia silaha nyingine hushambulia kwa udhaifu. Akijeruhiwa vitani, asipofaulu jaribio la hekima la kiwango cha 15, hana budi kumwandama aliyemjeruhi mpaka mmoja wao aanguke au asiweze tena kumfikia. Hapo mtu ameushika upanga, na upanga umemshika mtu.

Tuuiteje uhusiano huu? Umiliki haufai: mtu anaweza kumiliki panga kumi na asiwe na uhusiano na hata moja. Ulinganifu ni hali ya vitu kufanana au kuwiana, nayo haisemi kwamba mtu amefanya tendo. Kiapo kina uzito wake, lakini mchezo umekwisha kuwapa viapo mashujaa watakatifu wanaoitwa paladini.

Lililobaki ni mfungamano. Kiambishi -ana cha kufungamana kinaonyesha kuwa pande zote mbili zinahusika, na mzizi -fung- unabeba ile hali ya kubanwa inayomkuta mwenye Upanga wa Kisasi. Tena linatamkika mezani bila kigugumizi. Msimamizi wa mchezo anauliza, “Umefungamana na vifaa vingapi?” Mchezaji anajibu, “Viwili. Huu ndio wa tatu.”

Pingamizi moja lina mashiko. Tumezoea kusikia kuhusu nchi zisizofungamana na upande wowote, kwa Kiingereza non-aligned, na mchezo huu una istilahi nyingine, alignment, inayotaja kama mhusika anasimamia wema au uovu, sheria au vurugu. Mfasiri anaweza kushawishika kulipeleka neno mfungamano huko. Asilipeleke. Msimamo wa kimaadili hauhitaji saa moja ya kugusa chuma, wala hauna kikomo cha vitatu; neno mwelekeo linautosha.

Basi kwa anayezifasiri kanuni hizi: attunement iwe mfungamano, alignment iwe mwelekeo, na kila neno libaki mahali pake kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.