Kutoka Kiranja wa Mwalimu hadi Mgombea wa Darasa

Muhula wa kwanza unapoanza, shule nyingi za msingi nchini Kenya huingia katika kampeni. Karatasi za manila hubandikwa ukutani, wagombea hujinadi mbele ya wenzao gwaridani, na mwisho wa juma serikali ya wanafunzi huapishwa: rais na naibu wake, magavana, maseneta, waziri wa afya anayesimamia usafi wa vyoo. Wengine wana miaka kumi tu. Babu zao waliosoma shule hizo hizo hawakuyajua mambo haya. Wakati wao kiranja aliamuliwa katika ofisi ya walimu, jina likasomwa asubuhi mbele ya shule nzima, na kesho yake akaanza kuandika orodha ya wapiga kelele.

Kiranja huyo alikuwa na ukoo mrefu. Huko Rugby, Uingereza, kuanzia 1828, mwalimu mkuu Thomas Arnold aliwategemea wavulana wakubwa wa kidato cha juu kuwasimamia wadogo, hata kuwachapa. Shule za mabweni za Uingereza ziliuiga utaratibu huo, na walimu waliolelewa humo wakauleta Afrika Mashariki. Ulifika King's College Budo, iliyofunguliwa Uganda mwaka 1906, na Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu, Kenya, mwaka 1926 na kuongozwa na Edward Carey Francis tangu 1940 hadi 1962. Shule hizo zilikusudiwa kutoa makarani, walimu na watawala wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Kijana aliyeonja ukiranja bwenini alionekana yuko tayari kwa kazi hiyo, kwa kuwa alikwisha kujifunza kutii wa juu yake na kuamuru wa chini yake.

Wahitimu wa shule hizo ndio waliokwenda kufundisha vijijini, na utaratibu ukaenda nao hadi shule za msingi: kaka mkuu, dada mkuu, kiranja wa usafi, kiranja wa darasa, mpiga kengele. Haikuwa hasara tupu. Walimu walikuwa wachache na madarasa yamejaa, kwa hiyo mtoto mwaminifu mwenye ufunguo wa stoo ya majembe alikuwa msaada wa kweli. Lakini deni lake lote alidaiwa na mwalimu. Wenzake hawakumpa cheo, kwa hiyo hawakuweza kumwuliza chochote.

Mmoja aliyeona kasoro hiyo mapema alikuwa Julius Nyerere, aliyeingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba akiwa mwanafunzi alipinga viranja kupewa upendeleo juu ya wenzao. Miaka thelathini baadaye, katika andiko lake la 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe jamii inayojitegemea, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba na maisha yao ya pamoja. Shule za Tanzania zilipata mashamba na miradi. Uamuzi wa nani awe kaka mkuu, hata hivyo, ulibaki kwa walimu katika shule nyingi, na hata penye kura wao ndio waliochuja majina kwanza.

Kenya ilisukumwa na msiba. Mei 1999, katika shule ya sekondari ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku, wakamwagiwa petroli na kuchomwa moto na wanafunzi wenzao. Wote wanne walikufa. Hakuna hoja inayoweza kuhalalisha unyama ule, lakini uliwalazimisha wakubwa kutazama jambo walilolizoea: mtoto aliyepewa mamlaka juu ya rika lake bila ridhaa yao, akiishi nao, akilala nao. Mwaka 2001 jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilichunguza vurugu za shule. Mwaka 2008 migomo ikalipuka tena katika mamia ya shule. Hapo ndipo Wizara ya Elimu, ikisaidiwa na UNICEF, ilipoanza kuhimiza mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kuhudhuria bodi ya usimamizi wa shule.

Mwaka huo huo wa 2013 Wakenya walipiga kura sita kwa siku moja, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2010, na magavana na maseneta wakazaliwa. Watoto waliviona vyeo hivyo kwenye televisheni, navyo vikahamia uwanjani mwa shule. Uigaji huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu shule inaiga pia namna ya kupiga kura. Mahali pengine watoto bado hupanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Babu na bibi zao wanaukumbuka mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walijipanga hadharani na bado baadhi ya waliotangazwa washindi walikuwa na foleni fupi. Katika darasa la nne, mtoto anayesimama kwenye mlolongo humtazama kwanza rafiki yake yuko wapi. Karatasi iliyochanwa daftarini, ikakunjwa na kutiwa katika boksi la chaki, humpa nafasi ya kuamua mwenyewe.

Kura ilipoingia, mzazi naye aliingia, kwa maana sasa kuna kitu cha kushinda. Filamu ya hali halisi ya Weijun Chen, *Please Vote for Me*, ya mwaka 2007, iliufuata uchaguzi wa monita katika darasa la tatu huko Wuhan, China. Wagombea watatu walifundishwa hotuba nyumbani na wazazi wao, neno kwa neno, pamoja na namna ya kumshambulia mpinzani. Wazazi wa mmoja wao, watumishi wa polisi, waliwapatia wanadarasa safari ya kupanda treni. Mtoto wao ndiye aliyeshinda. Katika shule zetu kazi hiyo hufanywa na pipi, na mwalimu asiyezipiga marufuku huwa amekwisha kuamua mshindi: yule ambaye kwao kuna fedha.

Msaada unaofaa ni mdogo na unachosha. Mzazi amwulize mtoto ni jambo gani shuleni linalomkera, kisha amsubiri alitaje mwenyewe: bomba lisilotoa maji, mpira mmoja unaogombewa na madarasa mawili, wadogo wanaosukumwa kwenye foleni ya uji. Ampunguzie ahadi zisizo mkononi mwake, maana gavana wa darasa la tano hawezi kuleta basi. Amsikilize akisema maneno yake, hata kama yanakatika. Mwalimu naye awape wagombea wote muda sawa, ahesabu kura mbele ya watoto, na baada ya kiapo awatengee viongozi hao saa ya kukutana na mwalimu mkuu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote Kenya mwaka 2019 umeutaja uraia kati ya umilisi wake saba. Shule ambayo rais wake wa darasa la sita hajawahi kuitwa ofisini ila kutumwa chaki bado ina kiranja wa zamani, aliyepigiwa kura.